Kifaru Kipi Bora

Geti la mama yake Gichobi halijakauka rangi,
basi yeye na Lumiti wameketi juu ya mtungi mtupu wa gesi
hapa Kariobangi, wananyang'anyana simu,
na ugomvi wao ni vifaru vya vita.
"Fundi, si ulikuwa jeshini? Amua. Kipi bora?"

Naivua barakoa ya kuchomelea.
Miaka kumi na minne nilipaka grisi minyororo.
Sikio la kushoto nililiacha huko.
Semeni upande huu.

"Abramsi," asema Gichobi.
Haya. Makombora yake yamefungiwa nyuma, penye mlango wa chuma.
Yakilipuka, paa la chumba kile linaruka, watu wanabaki.
Hapo namvulia kofia aliyekichora,
alikumbuka kwamba dereva ana mama.
Lakini injini ile ni ya ukoo wa ndege,
inakunywa hata ikiwa imesimama.
Ukikiona kimoja, tazama nyuma yake: lori la mafuta.
Nyuma ya lori, lori.
Na tani sitini na ushei, kipitishe daraja letu la Mto Nairobi,
halafu uje tuzungumze.

Lumiti ni mfupi, anapenda vifupi: T-72.
Chepesi, bei ya kupatana,
mtu mwenye nyundo na matusi anakifufua.
Ndani watu watatu, wa nne ni mashine ya kupakia mzinga,
haichoki, haiombi ruhusa ya mazishi.
Ila makombora yamepangwa duara chini ya makalio yao.
Wametandika kitanda juu ya jiko.
Likipenya moja, mnara unaruka
kama kifuniko cha sufuria ya githeri.

Leopadi? Macho makali, mguu mwepesi.
Injini unaing'oa na kuirudisha chai haijapoa sana.
Lakini kando ya dereva, mkono wa kushoto,
kuna akiba ya makombora. Hiyo hawaiandiki kwenye picha.
Merkava imeweka injini mbele, chuma kife kwanza,
ila kwa uzito ule, kila tope ni hakimu.
Chalenja ina birika la kuchemshia maji humo ndani.
Wanacheka. Wanadhani natania.
Mzinga wake una mifuo, haupokei risasi za jirani;
zikiisha, ni birika tu lililobaki.

"Na droni, fundi?"

Sasa mmeuliza.
Kidude cha uzito wa kuku
hakina haja ya kugombana na uso wa kifaru.
Kinazunguka, kinatafuta juu.
Wote hao, mbele ni ukuta,
juu ni mabati.
Na sisi wa mabati tunajua mvua ya mawe inavyoongea.

Wiki jana Nasimiyu wangu alikwenda na darasa lake mbugani, Lang'ata.
Akaniletea daftari nitie sahihi:
*Kifaru ana ngozi nene. Kifaru haoni mbali.
Kifaru analindwa na askari usiku na mchana.*
Nikasoma mara ya pili ndipo nikaona zile "a",
kwamba huyu anapumua.
Kazini tulisema *kimeharibika*, *kimewaka*,
hata siku ile kulipokuwa na mtu ndani.
Nikatia sahihi. Kalamu ilikuwa na grisi.

Gichobi analigonga geti kwa ngumi.
"Mbona bati jembamba hivi?"
Ningeweka nene, namwambia,
bawaba zingeng'oka kabla ya Krismasi,
na anayelifungua saa kumi na moja alfajiri
si wewe, ni mama yako.

Ananyamaza. Anaigusa rangi kwa kidole.
Bado inanata.